Stesheni iliyolala juu ya stesheni: Highgate ya juu ilifungwaje?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Nilikuwa London kwa dada yangu, tukatembea ile njia ya watu wa miguu inayoitwa Parkland Walk kuanzia Finsbury Park. Njiani tulipita katikati ya majukwaa mawili ya treni, lakini reli hakuna hata kipande. Mbele zaidi tukakuta midomo miwili ya mahandaki imezibwa kwa vyuma. Shemeji akasema nyuma ya mahandaki hayo kuna stesheni nzima ya Highgate imelala vichakani, juu kabisa ya kituo kinachofanya kazi, na kwamba ilifungwa na Beeching kwa kukosa abiria. Sijamwelewa. Stesheni inakosaje abiria katika jiji kama lile?*

Jibu: Marahaba. Shemeji yako amepatia kuhusu stesheni: ipo, tena iko pale pale alipokunyooshea kidole. Kuhusu Beeching amekosea, ingawa simlaumu. Waingereza wenyewe wakiona tuta lisilo na reli humtwika huyo bwana lawama yote. Ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, ya kupunguza njia za reli ilitoka 1963, na treni ya mwisho ya abiria ilipita Highgate ya juu Jumamosi, 3 Julai 1954. Ni miaka tisa kabla. Na hilo la kukosa abiria ni kweli nusu, tena nusu yenye hila ndani yake, maana abiria wengi wa Highgate hawakupotea popote. Waliteremshwa ghorofa ya chini.

Nianze na kilima, kwa sababu bila kilima stesheni hii haina maana. Highgate iko juu ya mwinuko wa udongo wa mfinyanzi kaskazini mwa London, na mwinuko huo umewasumbua wahandisi tangu zamani. Kabla ya reli kufika, kampuni moja ilijaribu kutoboa handaki la barabara chini yake. Aprili 1812 handaki likaporomoka kabla halijakamilika. Wakaghairi, wakachimba bonde la wazi na kuweka daraja juu yake. Barabara hiyo ndiyo Archway Road ya leo, na mtaa wa Archway umepata jina kutokana na daraja.

Wajenzi wa reli walipofika miaka ya 1860 walichanganya mbinu zote mbili. Walichimba shimo refu la wazi ubavuni mwa kilima, na kila upande wa shimo wakatoboa mahandaki mawili yanayokwenda sambamba. Stesheni ikawekwa katikati, chini ya shimo. Ukisimama jukwaani unaona midomo miwili upande wa mashariki na miwili upande wa magharibi, na kingo za ardhi zimekuzunguka kama uko ndani ya bakuli. Midomo uliyoiona wewe ni ya nje ya mahandaki ya mashariki, pale Holmesdale Road. Hapo ulikuwa umefika mlangoni kabisa, isipokuwa mlango wenyewe umefungwa.

Kampuni iliyoanzisha njia hiyo iliitwa Edgware, Highgate and London Railway, na ilipata idhini ya Bunge 1862. Haikuendesha treni hata moja. Julai 1867 ilimezwa na Great Northern Railway, wenye stesheni kuu ya King's Cross, na mwezi uliofuata, tarehe 22 Agosti, njia ikafunguliwa kutoka Finsbury Park kupitia Crouch End, Highgate na Finchley hadi Edgware. Majukwaa mawili uliyopita katikati yake ni ya Crouch End. Yalifunguliwa siku hiyo hiyo na kufungwa siku moja na Highgate, kwa hiyo ukiyaona hayo umemwona ndugu wa tumbo moja.

Edgware wakati huo kilikuwa kijiji. Kilichoipa njia uhai ni matawi mawili yaliyofuata: la High Barnet, lililofunguliwa 1 Aprili 1872, na la Alexandra Palace, 24 Mei 1873. Hilo la pili lina kisa. Alexandra Palace si kasri la mfalme, ni jumba kubwa la maonyesho na starehe juu ya kilima kingine, lililojengwa ili watu wa London wapate mahali pa kwenda siku za mapumziko. Reli ilifunguliwa siku moja na jumba. Siku 16 baadaye jumba likaungua. Likajengwa upya na kufunguliwa 1 Mei 1875, lakini kuanzia hapo hesabu za tawi lile hazikukaa sawa: siku ya tamasha mabehewa yanafurika, siku ya kawaida yanakwenda matupu, na jumba likifungwa kwa madeni, treni nazo zinasimamishwa. Ni baada ya nyumba kujaa Muswell Hill, mtaa ulio kwenye tawi hilo, mwanzoni mwa karne ya 20, ndipo tawi likapata abiria wa kila siku: makarani wanaoshuka mjini asubuhi na kurudi jioni.

Highgate ndipo matawi haya yote yalipokutana. Treni ya Alexandra Palace, ya High Barnet, ya Edgware, zote zilipita katika shimo lile. Miaka ya 1880 stesheni ilijengwa upya, yakaondolewa majukwaa ya pembeni, likawekwa jukwaa moja pana katikati ya reli. Kutoka hapo ungeweza kupanda treni ya King's Cross, ya Moorgate au ya Broad Street, yaani ukashuka hatua chache kutoka ofisini kwako katika kitovu cha biashara cha jiji. Kwa hiyo, kwa swali lako la moja kwa moja: hapana, haikuwa stesheni ya kukosa watu. Miaka ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia njia hizi zilisongamana hasa, na baadaye ni tramu na mabasi yaliyoanza kuwanyang'anya abiria wa safari fupi.

Sasa kabla sijaingia kwenye kifo chenyewe, nikutahadharishe na mtego mmoja unaowanasa hata watu wa reli. Ukitazama ramani ya zamani ya treni za chini ya ardhi utaona kituo cha Highgate kilichofunguliwa 1907. Siyo hiki. Hicho kiko chini ya kilima, upande wa kusini, na leo kinaitwa Archway. Kilibadilishwa jina mara zaidi ya moja kati ya 1939 na 1947, hadi lilipobaki Archway tupu. Niliwahi kusoma makala ndefu ambayo mwandishi wake alichanganya viwili hivyo mwanzo hadi mwisho, akashangaa abiria walikuwa wanapandaje mlima wote ule kubadilisha treni. Hawakuwa wanaupanda. Mwaka 1907 vilikuwa vituo viwili vya kampuni mbili tofauti, na kati yao kuna kilima.

Kuviunganisha ndiyo ilikuwa ndoto ya 1935. Mwaka huo London Transport, shirika lililoundwa miaka miwili tu nyuma, lilitangaza mpango mkubwa wa kujenga na kuboresha njia. Sehemu ya kaskazini ilikuwa hivi: treni za chini ya ardhi zitoke Archway, zipenye chini ya kilima, ziibuke East Finchley na kuendelea kwa reli za zamani hadi High Barnet na Edgware. Wakati huo huo njia ya juu, kutoka Finsbury Park kupitia Crouch End na Highgate hadi Alexandra Palace, itiwe umeme na kuungwa na njia nyingine ya chini ya ardhi iendayo Moorgate. Na huko mwisho, njia ivuke Edgware hadi Bushey Heath, mashambani.

Angalia vizuri Highgate ilivyokaa katika mpango huo. Haikutakiwa kufa, ilitakiwa kuwa kituo cha ghorofa mbili. Juu, treni za umeme za Alexandra Palace. Chini kabisa, treni za High Barnet. Na katikati ukumbi wa tiketi, uliochimbwa chini ya jukwaa la zamani. Mchoraji alikuwa Charles Holden, yule yule aliyechora vituo vingi vya London vya miaka hiyo, na majukwaa ya chini yakafanywa marefu kuliko kawaida kwa ajili ya treni ndefu zilizotarajiwa. Hata jukwaa la juu likapewa majengo mapya ya matofali na paa la zege. Hayo mapaa ndiyo yanayoonekana kwenye picha za leo, yamezungukwa na miti. Watu hudhani ni mabaki ya enzi ya Malkia Victoria. Kumbe ni jengo ambalo lilikuwa bado jipya stesheni ilipofungwa.

Treni za chini zilianza kupita 3 Julai 1939, kutoka Archway hadi East Finchley. Highgate hazikusimama, kwa kuwa kituo kilikuwa bado vumbi na mbao. Miezi miwili baadaye vita vikaanza. Kazi zilizokuwa karibu kwisha zikamaliziwa: High Barnet ikafikiwa Aprili 1940, Highgate ya chini ikafunguliwa 19 Januari 1941, Mill Hill East, kwenye tawi la Edgware, Mei 1941 kwa sababu palikuwa na kambi ya jeshi jirani. Kazi zilizobaki zikasimama. Majukwaa ya chini ya Highgate yakawa mahali pa watu kujificha mabomu usiku. Mtangazaji wa televisheni Jerry Springer, aliyezaliwa Februari 1944, alikuwa akisema mwenyewe kwamba alizaliwa humo.

Na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Mpango ule haukukamilika wote, wala haukufutwa wote. Ulikamilika nusu, na nusu iliyokamilika ndiyo iliyomla mwenzake. Kabla ya 1939 mtu wa Finchley au Barnet alikuwa lazima apite Highgate ya juu kwa treni ya mvuke. Kuanzia 1940 mtu huyo huyo alipita mita kadhaa chini yake kwa treni ya umeme, moja kwa moja hadi West End, katikati ya jiji, bila kuisikia stesheni ya juu. Treni za mvuke za Barnet na za Edgware zikaondolewa. Shimo lile lililojengwa kupokea matawi matatu likabakiwa na moja, tena lile lile dhaifu la Alexandra Palace.

Kisha ratiba ikakatwa. Tangu 1942 treni za tawi hilo zilibaki za saa za kwenda kazini na kurudi tu, nazo ziliishia Finsbury Park. Ukitaka kuendelea mjini unashuka, unangoja nyingine. Wewe jiulize kama mkazi wa Muswell Hill: mchana huna treni, jioni ukichelewa kazini huna treni, na barabarani basi linapita linakushusha mlangoni mwa kituo cha umeme. Utafanya nini? Kila mmoja alifanya hivyo hivyo. Halafu maofisa wakaja na daftari, wakahesabu vichwa kwenye treni, wakaandika kwamba njia haina wateja. Nimesoma habari za njia nyingi zilizofungwa, katika nchi mbalimbali, na mwendo ni huu huu: ratiba hutangulia kufa, abiria hufuata. Atakayekuambia abiria ndio walioanza kuondoka, mwombe akuonyeshe ratiba za miaka kumi ya mwisho.

Swali linabaki: vita viliisha 1945, kwa nini wasimalizie? Vifaa vingi vilikuwa vimeshatayarishwa. Sehemu za njia zilikuwa na nyaya, na majengo ya kupokea umeme yalikwishasimama. Sababu ya kwanza ni fedha na chuma. Nchi ilikuwa imechoka, na kile kidogo kilichopatikana kilipelekwa njia ya Central mashariki mwa jiji, iliyofika Epping 1949. Sababu ya pili ni sera ya ardhi. Bushey Heath ilikuwa mashamba, na hesabu za 1935 zilitegemea mashamba hayo yageuke mitaa. Baada ya vita serikali ikaamua London isitanuke tena ovyo, ikazungushiwa ukanda wa kijani usiojengwa. Hakuna mitaa, hakuna abiria, hakuna reli. Karakana kubwa ya treni iliyokuwa imeanza kujengwa Aldenham ikaishia kutengeneza ndege za kivita, kisha ikawa karakana ya mabasi.

Lakini kipande cha Highgate hadi Alexandra Palace hakikuwa mashambani. Kilikuwa ndani ya jiji, kimezungukwa na nyumba. Ukanda wa kijani hauelezi kifo chake. Kwa maoni yangu kiliangushwa na kukosa mwenyewe. Reli zilipotaifishwa 1948, British Railways, shirika jipya la reli la taifa, waliendesha treni za mvuke kwenye njia wanayojua si yao kesho, na London Transport walisubiri kupokea njia ambayo hawakuwa na haraka ya kuilipia. Mtoto wa wengi halelewi. Oktoba 1951 uhaba wa makaa ya mawe ukatumiwa kama sababu ya kuifunga kwa muda. Ikarudishwa Januari 1952 baada ya malalamiko. Ilikuwa imebakiza miaka miwili na nusu. Siku iliyofungwa kwa abiria, 3 Julai 1954, ilikuwa ni miaka 15 kamili tangu treni ya kwanza ya umeme ipite chini yake. Sijui kama kuna aliyelitambua hilo siku ile.

Kufungwa kwa abiria, hata hivyo, hakukuwa mwisho wa magurudumu. Treni za mizigo ziliendelea kupita Highgate hadi miaka ya 1960, hasa za makaa ya mawe kwa ajili ya majumba ya Barnet na Finchley. Baada ya hapo kulikuwa na msafara wa ajabu kidogo: mabehewa ya njia ya chini ya ardhi ya Finsbury Park hadi Moorgate yalipohitaji matengenezo yalivutwa na vichwa vya betri kupitia stesheni ile iliyokufa, taratibu, hadi karakana ya Highgate na kurudi. Yaani treni za umeme zilipita hatimaye mahali zilipoahidiwa kupita, ila zikiwa zimezimwa. Msafara ulikoma 1970, kwa kuwa madaraja yalikuwa yamechakaa, na muda si mrefu reli na mataruma vikang'olewa.

Unaweza kuuliza kwa nini basi hawakubomoa stesheni yenyewe, kama walivyobomoa ya Muswell Hill, ambako leo pamesimama shule. Jibu ni la kiufundi zaidi kuliko la mapenzi. Chini ya jukwaa kuna ukumbi wa tiketi unaotumika kila siku, pembeni kuna kingo za udongo zilizosimama, na ardhi bado ni ya wenye treni. Mahali kama hapo huwezi kumuuzia mtu ajenge maghorofa. Wameliacha, na miti imefanya kazi yake: mizizi imepasua jukwaa, majani yanaoza pale reli zilipokuwa, na mahandakini wamehamia popo. Popo Uingereza wanalindwa na sheria, kwa hiyo vyuma ulivyoviona mlangoni vimewekwa kuzuia watu na kuwaachia popo nafasi ya kuruka kuingia na kutoka. Katika stesheni nzima, wao ndio wenye haki ya kisheria iliyo wazi kuliko wote.

Hiyo pia ndiyo sababu Parkland Walk inakatika pale Highgate ikakulazimisha upande barabarani. Njia hiyo, yenye jumla ya kilomita 5 hivi, ilifunguliwa rasmi 1984, na mwishoni mwa muongo huo huo ilinusurika mpango wa kuifanya barabara ya magari, baada ya wakazi kuja juu. Mwaka 1990 ikatangazwa hifadhi ya viumbe. Mara kwa mara husikika sauti za kutaka treni zirudi, na mimi ni mtu wa treni, lakini kwa hapa sioni. Utaanza na popo, utafuata shule iliyo juu ya stesheni, utamaliza na wakazi ambao wazazi wao walishinda vita ya barabara. Muswell Hill hadi leo haina stesheni ya aina yoyote. Wanapanda basi la W7 kwenda Finsbury Park, kupitia Crouch End, karibu sana na mapito ya reli ya zamani.

Ukirudi kwa dada yako, yapo mambo mawili ya kufanya. Jumba la makumbusho la usafiri la London huandaa ziara za kuongozwa katika vituo vilivyofungwa, na Highgate ya juu huwa miongoni mwao. Bila ziara hiyo huruhusiwi kuingia, na nakuomba usiruke uzio. La pili halina kiingilio. Kipande ulichotembea ni cha kusini. Cha kaskazini huanzia Muswell Hill na kupita juu ya daraja la matao 17, juu ya mapaa ya nyumba, ambapo London yote inakaa chini yako upande wa kulia ukielekea mbele. Kinakwisha Alexandra Palace, ambako BBC walianza kurusha matangazo ya kawaida ya televisheni Novemba 1936. Zunguka nyuma ya jumba, upande ambao wageni hawaendi. Kuna jengo dogo la matofali linalotumika kwa shughuli za watu wa mtaani. Hiyo ndiyo stesheni ya mwisho wa tawi, na mlango wake uko wazi.